Jua lizuiwe kabla halijagusa kioo

Katika nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam, Kibaha, Mombasa na Unguja, chumba cha kulala kinachotazama magharibi hakilaliki kuanzia Desemba hadi Machi. Mtu anarudi kutoka kazini saa moja usiku, anafungua mlango na kukutana na fukuto. Godoro lina moto, ukuta una moto, na feni inazungusha hewa ileile iliyoshinda chumbani tangu mchana. Watoto wanahamia sebuleni na kulala sakafuni. Wengi wakichoshwa na hali hiyo hukimbilia dukani kununua pazia zito zaidi. Pazia likishindwa, mwaka unaofuata wanadunduliza fedha za kiyoyozi.

Nasema hatua zote mbili huja zimechelewa, kwa sababu zinapambana na jua likiwa limekwisha kuingia ndani. Jua la chumba cha kulala huzuiwa nje ya dirisha, kabla halijagusa kioo. Anayelielewa jambo hili moja anaweza kulala vizuri kwa gharama ndogo, na anayelipuuza ataendelea kununua umeme wa kuondoa joto alilolikaribisha mwenyewe.

Tuanze na kioo. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya jua linalokipiga. Mwanga ukishapita, hutua juu ya pazia, shuka, kabati na sakafu. Vitu hivyo hupata moto na kuanza kutoa joto lao. Joto hilo ni la aina nyingine kabisa na mwanga ulioingia, na kioo kilekile kilichoupitisha mwanga hakiliruhusu joto hilo kupita kurudi nje. Linabaki chumbani.

Anayetaka kuthibitisha asimame dirishani saa kumi na moja jioni, aingize mkono kati ya pazia na kioo. Kitambaa kitakuwa na moto, na hewa iliyo nyuma yake itakuwa na moto zaidi. Kisha apandishe mkono hadi juu, pale fimbo ya pazia ilipofungwa ukutani. Atasikia hewa ya moto ikitoka kwenye uwazi ule na kuingia chumbani, wakati hewa iliyopoa kidogo inavutwa chini, kwenye pindo, kwenda nyuma ya pazia. Mzunguko huo hauishi mpaka jua lizame. Pazia limezuia mwanga, chumba kimekuwa na giza, lakini joto limepita pembeni.

Hesabu yake si ngumu. Chukua dirisha la futi tano kwa nne, kipimo kinachojulikana kwa kila fundi. Alasiri ya Januari yenye anga safi, dirisha hilo likitazama magharibi huingiza ndani joto la wati 800 hadi 1,000 hivi. Ni sawasawa na kuacha pasi ya umeme ikiwaka juu ya kitanda kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi. Hakuna mama wa nyumba ambaye angekubali jambo hilo, lakini tunalikubali kila siku kwa kuwa pasi yenyewe haionekani.

Wizara ya Nishati ya Marekani, katika ushauri wake kwa wenye nyumba wa huko, inaeleza kwamba pazia la rangi ya wastani lililotiwa bitana nyeupe ya plastiki linaweza kupunguza joto linaloingia dirishani kwa asilimia 33. Wizara hiyohiyo inaeleza kwamba kipaa cha turubai kilichofungwa nje, juu ya dirisha la magharibi, kinaweza kulipunguza kwa hadi asilimia 77. Vyote viwili ni kitambaa. Kilicholeta tofauti kubwa hivyo ni upande wa kioo kilipowekwa.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili bila wizara yoyote. Tembea Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, au Mji wa Kale wa Lamu ulioingizwa mwaka uliofuata, uangalie kuta zake. Ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja inaikinga jirani yake na jua. Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Sayyid Barghash, lilizungushiwa baraza pana za ghorofa kwa ghorofa, ili jua liishie barazani na vyumba vya ndani vibaki kivulini. Kwenye nyumba za kawaida za mji ule, kazi hiyo ilifanywa na mbawa za mbao zilizofungwa nje ya dirisha.

Mbawa hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni kazi ya akili sana. Kila ubawa una fremu, na ndani ya fremu vimepangwa vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, makali ya nje yakiinamia chini. Fundi anayejua kazi yake huhakikisha kwamba makali ya chini ya kila kibao yanafika usawa wa makali ya juu ya kibao kinachofuata. Akikosea akaacha uwazi, mshale wa jua la jioni utapenya. Kipimo chake ni rahisi. Simama ndani, weka jicho usawa wa vibao, utazame mbele moja kwa moja. Ukiona upeo wa macho, jua litaingia. Usipouona, hakuna jua lolote lililo juu ya upeo litakaloingia, iwe saa saba mchana au saa kumi na mbili kasoro. Hata hivyo ukiinamisha macho unaona wapita njia mtaani, na upepo unapita kati ya vibao bila kizuizi cha maana. Mvua hutiririkia nje. Anayepita hamwoni aliyelala ndani. Kipande kimoja cha useremala kinazuia jua, mvua na macho ya watu, na kinaruhusu upepo. Pazia la dukani hufanya moja kati ya hayo vizuri, nalo ni kuficha.

Suala la upepo ndilo linaloniudhi zaidi ninapoona madirisha ya siku hizi. Pwani yetu ina unyevu mwingi hewani. Mwezi Februari Dar es Salaam joto hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku hushuka hadi 25 hivi tu. Katika hali hiyo mwili hupoa kwa jasho kukauka, na jasho halikauki bila hewa kutembea. Kwa hiyo chumba cha pwani kinahitaji kivuli na upepo kwa wakati mmoja. Dirisha la alumini la kusukuma pembeni, ambalo sasa limekuwa sare ya nyumba za mjini, likifunguliwa lote hutoa nusu tu ya nafasi yake, kwa kuwa kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Ongeza wavu wa mbu, halafu shela, halafu pazia zito. Upepo unaobaki hautoshi hata kutikisa karatasi. Tumeziba pumzi ya chumba ili tuzuie jua, na jua lenyewe hatukulizuia.

Dodoma hali ni nyingine kidogo. Kule hewa ni kavu, na usiku wa miezi ya joto huteremka hadi nyuzi 20 hivi. Mtu wa Dodoma anaweza kufunga dirisha na pazia mchana kutwa, akafungua kila kitu jioni na kulala kwenye ubaridi. Huu ni utaratibu mzuri kwa bara kavu. Mtu wa Tanga au Mombasa akiuiga bila kufikiri atajifungia ndani na unyevu wake.

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba ajue dirisha lake linatazama wapi. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, likiwa juu kiasi cha nyuzi 60. Mwezi Desemba hupita upande wa kusini, likiwa juu zaidi, nyuzi 73 hivi. Jua lililo juu namna hiyo ni rahisi kulidhibiti. Paa lililotokeza vizuri, au kanopi ya zege ya sentimita 60 hadi 90 juu ya dirisha, humaliza sehemu kubwa ya kazi kwenye madirisha ya kaskazini na kusini. Matatizo yako mashariki na magharibi. Saa kumi na moja jioni mwezi Januari, jua la Dar es Salaam limeshashuka chini ya nyuzi 30. Linaingia chini ya kanopi na kutua kitandani. Dirisha hilo linahitaji kinga inayosimama wima mbele yake: mbawa za vibao, pazia la mianzi, wavu wa kivuli au mti.

Mashariki na magharibi nako hakufanani. Miezi ya joto ni miezi ya kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki, na kwa Dar es Salaam na Mombasa bahari nayo iko mashariki. Dirisha la mashariki linaleta jua la asubuhi, lakini pia ndilo mlango wa upepo, kwa hiyo kinga yake lazima iwe na matundu. Dirisha la magharibi wakati huo haliingizi upepo, ila ndipo hewa inapotokea baada ya kupita chumbani. Ukiliziba kabisa umeufungia upepo njia ya kutokea, na hata ule wa mashariki hautaingia. Kinga yake iachwe mbali kidogo na ukuta, hewa ipate kupita pembeni.

Watu wataniambia kwamba haya ni mambo ya kale, na nyumba za kisasa zina namna zake. Jibu langu ni kwamba usasa uliowahi kujengwa hapa kwa umakini haukuacha kivuli. Anthony Almeida, aliyebuni majengo mengi ya Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1950, alijenga kwa zege na mistari minyoofu ya zama zake huku akitumia kinga za jua mbele ya madirisha. Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, alilifunika kwa miamvuli mikubwa ya zege na kuacha hewa ipite. Ndugu wawili wasanifu, Victor na Aladar Olgyay, walichapisha Marekani mwaka 1957 kitabu kizima kuhusu vizuizi vya jua, kikieleza namna ya kupima kivuli kwa kila upande wa jengo. Elimu ilikuwepo na majengo ya mfano yalikuwepo. Tulichofanya baadaye ni kuchagua ramani za nyumba kwa picha, tukapenda kuta za vioo zilizobuniwa kwa ajili ya nchi zinazolitafuta jua, tukazipandisha Mbezi ya Dar es Salaam na Nyali ya Mombasa kama zilivyo.

Wapo wanaosema kioo cha rangi kinatosha. Kioo cheusi au cha kahawia hupunguza mwanga kwa kuunywa, na kikishaunywa chenyewe huwa cha moto, kisha hupeleka sehemu ya joto hilo chumbani. Kioo au karatasi inayoakisi hufanya vizuri zaidi, lakini chumba kinakuwa na giza mwaka mzima, hata siku za mawingu ambazo mwanga ungefaa, na dirisha likifunguliwa kupata upepo kinga yote imesogea pembeni. Wapo wanaohofia mbao kwa sababu ya mchwa na chumvi ya bahari. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni mbao ngumu iliyokaushwa na kupakwa rangi kila inapohitaji, au mbawa za alumini zenye vibao vilevile, ambazo fundi wa madirisha anaweza kuzitengeneza akipewa mchoro. Na kwa wanaohofia usalama, nondo zinabaki palepale. Mbawa za nje zikifungwa kwa komeo ndani huongeza kizuizi kimoja kwa mwizi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mpangaji. Hajajenga yeye, hana ruhusa ya kutoboa ukuta, na kesho anaweza kuhama. Kwake naanza na vitu vidogo. Wavu wa kivuli unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo za kilimo, ule ambao wakulima hukingia miche yao, huuzwa kwa kipimo cha asilimia ya jua unalolizuia. Wa asilimia 70 au 80 unafaa. Ukatwe upana uzidi dirisha pande zote, upindwe kingo kwa fundi cherehani, ufungwe juu na chini kwa kamba kwenye nondo za nje au kwenye vijiti, uachwe umbali wa shibiri moja kutoka kwenye kioo. Nafasi hiyo isipuuzwe, kwa kuwa wavu nao utapata moto na hewa inayouzunguka inatakiwa ipande na kuondoka zake nje. Pazia la mianzi au mkeka wa ukindu unaoviringishwa hufanya kazi hiyohiyo na unapendeza zaidi. Ushushwe saa nane mchana, ukunjwe jua likizama.

Nje kukishindikana kabisa, basi pazia la ndani litengenezwe kwa akili. Upande unaotazama kioo uwe mweupe, kwa bitana nyeupe iliyoshonwa nyuma, ili sehemu ya mwanga irudishwe nje ikiwa bado ni mwanga. Kitambaa cheusi kisichopitisha mwanga, bila bitana hiyo, kinakupa giza na joto pamoja. Fimbo ifungwe juu karibu na dari, pazia lifike sakafuni na ncha zake ziguse ukuta, ili hewa ya moto isipate njia nyepesi ya kuingia. Na pazia livutwe jua linapoanza kuligusa dirisha, lisingoje mpaka mtu arudi kutoka kazini. Aliyebaki nyumbani apewe jukumu hilo, hata akiwa mtoto wa shule.

Mwenye kiwanja chake ana silaha nyingine ambayo haipo dukani. Mpesheni uliopandwa chini ya dirisha la magharibi na kutambaa juu ya nyaya zilizokazwa hatua moja kutoka ukutani hufunika dirisha kwa majani, na matunda unakula. Mwarobaini au mwembe uliopandwa kwa umbali wa kutosha hukinga dirisha na ukuta kwa pamoja, na ukuta nao ni tatizo. Tofali la saruji la inchi sita likipigwa na jua la alasiri hulipokea joto polepole na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, wakati familia inapanda kitandani. Sitaki mtu anielewe kwamba dirisha ni kila kitu. Nyumba yenye bati tupu bila dari itaendelea kuchoma hata madirisha yakizibwa yote. Lakini nyumba nyingi za mjini zimeshawekewa dari, na ndani yake dirisha la magharibi lisilo na kinga ndilo linaloongoza kwa kuwanyima watu usingizi.

Gharama ya kutochukua hatua inajulikana kwa kila anayenunua umeme kwa Luku. Kiyoyozi cha BTU 12,000 mota yake ikifanya kazi mfululizo hutumia takriban uniti moja kwa saa. Saa nane za usiku ni uniti nane, na katika usiku kumi ni uniti 80. Mteja mdogo wa nyumbani anayepewa bei nafuu na TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi mzima. Feni ya wati 60 kwa saa hizohizo nane hutumia nusu uniti. Chumba ambacho jua lake lilizuiwa nje mchana mara nyingi hutosheka na feni. Na mwenye kiyoyozi asidhani haya hayamhusu. Chumba kilichokingwa hupoa haraka, na mota ikishapoza hupata nafasi ya kupumzika.

Mtu anayelala kwenye joto halali, anageuka-geuka hadi alfajiri. Mtoto anasinzia darasani, dereva anasinzia barabarani, mjamzito na mzee wanaamka wamechoka kuliko walivyolala. Kwa hiyo naomba jambo hili lihesabiwe kuwa la afya na la haki ya mpangaji, lisiachwe kwa wapenda mapambo peke yao.

Kwa anayejenga kwa awamu: kabla fundi hajakata tundu la dirisha, simama kwenye msingi saa kumi na moja jioni uone jua linapiga kutoka upande gani. Chumba cha kulala kikiweza kukwepa magharibi, kikwepe. Kisipoweza, dirisha liwe dogo, na fedha za pazia la pili zitengwe kwa ajili ya mbawa za nje. Kwa mwenye nyumba za kupanga: ruhusu wapangaji wako wafunge kinga nje ya madirisha, au wafungie wewe, kwa sababu unachukua kodi ya chumba kinachopaswa kulalika. Kwa wasanifu na bodi inayowasajili: msipitishe mchoro wenye kioo kikubwa cha magharibi usioonyesha kivuli chake. Na kwa halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi: mnakagua mipaka, choo na njia ya maji. Ongezeni swali moja kwenye fomu zenu, mwombaji aeleze jua la alasiri litazuiwa na nini katika kila chumba cha kulala. Asiye na jibu arudishiwe mchoro wake.